Suti ya maji moto chini ya barafu: nyota nne kwa suti, moja kwa boila

Suti hii ya mpiga mbizi, inayopitishiwa maji moto kutoka juu, nimeipa nyota nne kati ya tano. Boila iliyokuwa ikiilisha maji nimeipa moja, na hata hiyo ni ya huruma. Nikisoma watu wakisifu suti za maji moto naona wanasifu mpira wake wa neopreni, zipu na mishono, basi. Kwa kazi ya chini ya barafu hayo hayatoshi. Suti hii ikikosa boila ni mpira uliotoboka tu, na aliyeivaa yumo ndani ya maji ya nyuzi sifuri bila kinga ya maana. Kwa hiyo nitaisema pamoja na mashine yake, mipira yake, hema lake na watu wake, maana ukiivaa umevaa vyote hivyo kwa pamoja.

Nitaje nilikotoka ili msomaji ajue namna ya kuyapima maneno yangu. Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa. Kazi niliianzia Kilindini: kukwangua chaza kwenye matumbo ya meli, kubadilisha vipande vya zinki vya kuzuia kutu, kukagua rafadha. Maji yale ni ya nyuzi 25 hadi 29, na adui zako ni tope, mkondo na nahodha asiyependa kusubiri. Siku hizi natumika Canada, kaskazini mwa jimbo la Manitoba, upande wa Thompson, mji ambao kampuni za injini za ndege hupeleka injini zao kuzijaribu kwenye baridi. Injini zinajaribiwa nje, sisi tunaambiwa tuingie majini. Bwawa la umeme nililofanyia kazi, mkandarasi aliyeniajiri na kiwanda kilichoshona suti sitavitaja.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye milango inayoingiza maji kwenye mitambo: kukagua mipira ya kuzibia, kubadilisha iliyoraruka, na kusafisha wavu wa vyuma unaozuia magogo yasimezwe. Kina kama mita 14. Juu ya kichwa, barafu ya zaidi ya nusu mita. Shimo la kuingilia na kutokea ni moja, na lingine la dharura limekatwa kando. Tuliyakata kwa msumeno wa injini yakawa na pembe tatu, kwa kuwa kwenye pembe mtu hupata pa kuegemeza viwiko viwili akijivuta nje. Theluji ya juu tuliifagia kwa mistari inayoelekea shimoni, ili mwanga upenye na aliye chini aone njia.

Kuna jambo la maji ambalo mtu wa pwani hawezi kulijua mpaka ayaingie. Maji matamu huwa mazito kuliko wakati wowote yakifika nyuzi 4. Ndiyo maana ziwa lililotulia huganda juu, na chini kukabaki ujoto kidogo. Mto haukupi nafasi hiyo. Unayakoroga maji juu na chini mpaka yote yasimame kwenye sifuri, na pale ambapo mkondo umeacha uwazi usio na barafu, maji hupoa chini ya sifuri kwa sehemu ndogo sana ya nyuzi bila kugandana. Hapo huzaliwa chembe ndogo za barafu, mamilioni, zinazonata kwa kila kinachoguswa. Zinasafiri na mkondo hadi chini ya barafu ngumu, zinafika kwenye wavu wa mitambo na kuuziba. Tuliziita uji wa barafu. Uji huo ndio ulioleta sehemu ya kazi yetu, na nitaurudia.

Suti imeshonwa kwa neopreni nene na inakaa kwa kulegea. Kiunoni upande wa kulia kuna vali yenye matawi, na mpira wa maji moto unaotoka juu huchomekwa hapo. Ndani, mirija yenye matobo inatambaa kifuani, mgongoni, mikononi na miguuni mpaka kwenye glavu na buti. Tawi dogo linakwenda kwenye helmeti, kuipasha moto regulata, yaani kifaa kinachokupimia hewa ya kuvuta. Maji hayarudi juu: yanaingia, yanakuzunguka, yanatokea shingoni na vifundoni. Ndani unavaa nguo nyembamba ya mwili mzima ili mirija isikuchome sehemu moja. Kisha kuna vali ya kumwaga, inayoyatupa maji nje kabla hayajaingia kwenye suti. Kwenye suti hii mkono wa vali hiyo ni mkubwa, naushika vizuri nikiwa na glavu, na nikiugeuza najua umegeuka. Nimeona suti za bei kubwa zaidi zenye kidude cha kugeuzwa kwa kucha. Aliyezichora hajawahi kuzivaa.

Raha yake ni vidole. Ndani ya suti kavu, ile isiyoingiza maji kabisa, na glavu za vidole vitatu, nati inakuwa kitu unachokikisia, ukiiangusha, umeiaga. Ndani ya suti ya maji moto nilikaa chini zaidi ya saa nzima nikifungua nati, nikizitia mfukoni, nikizirudisha, na vidole vikinitii muda wote. Mkono wa baridi haukosi nguvu tu, unakosa akili: unashika bisibisi na huna hakika kama umeishika. Kwa kazi ndefu ya mikono, hakuna vazi jingine ninaloweza kulipendekeza.

Na kwa kuwa hakuna anayeliandika waziwazi: ndiyo, watu hukojoa ndani ya suti hizi. Maji yanapita muda wote, yanaondoka nayo. Kwa sisi tunaojali twahara, na kwa yeyote anayejali ngozi yake, usivae suti ya kampuni iliyozungushwa miili ya watu kumi. Nimewaona wenzangu wakitoka vipele mapajani na mgongoni. Nunua yako, ioshe kwa dawa, ianike ndani ya nyumba. Ukiianika nje utaikuta imesimama wima peke yake.

Sasa boila.

Ni mashine ya dizeli iliyofungwa kwenye tela: pampu, kichomeo, na koili ya shaba ambamo maji hupita kupashwa moto. Pampu inanyonya maji mtoni kupitia tundu dogo lililotobolewa kwenye barafu. Yakishapata moto yanasukumwa ndani ya fungu la mipira linalokwenda kwa mpiga mbizi, lenye mpira wa hewa, waya wa simu, mpira mwembamba wa kupimia kina na mpira wa maji moto. Kwenye ngozi unataka nyuzi karibu 40. Zikipita 45 na kuendelea, ngozi inaungua. Lakini fungu la mipira limelala kwenye barafu, hewa ni nyuzi 30 chini ya sifuri, na maji yanapoteza joto njia nzima. Kwa hiyo boila huwekwa kwenye joto kubwa zaidi, kubwa kiasi gani inategemea urefu wa mpira, upepo, na kama kuna aliyekumbuka kuufunika mpira uliolala juu. Mtu wa boila anakisia. Akiongeza mpira, au upepo ukigeuka, anakisia upya. Kipimajoto chake kiko kwenye boila, ngozi iko mita themanini mbali.

Hili ndilo la kwanza ninaloishtakia boila hii: haikuja na kipimo cha joto la mwisho wa mpira. Tukawa tunapima kwenye ndoo kabla ya kila mbizi, kwa kipimajoto cha jikoni tulichonunua wenyewe. La pili ni mjibizo wake wa polepole. Mpiga mbizi akiyafunga maji kidogo, labda anaona moto umezidi, kichomeo kinaendelea kuwaka na maji yaliyosimama kwenye koili yanachemka. Akifungua tena, yale yanamfikia. Ndiyo maana maji hayafungwi, yanamwagwa nje kwa ile vali niliyoisifu. Na hata mpiga mbizi akishatoka, maji lazima yaendelee kupita mpirani na kumwagwa shimoni. Yakisimama kwenye baridi ile, mpira unaganda na siku imekwisha. Mpira wa kupimia kina nao una ugonjwa wake: maji yakibaki kwenye ncha yake ukiwa hewani, yanaganda, na msimamizi anasoma kina cha uongo. Dawa ni kuupuliza hewa kabla haujatolewa majini, na kuuhifadhi hemani.

Dizeli nayo. Dizeli ya kawaida kwenye baridi kali hutoa nta na kuziba chujio. Kuna dizeli ya majira ya baridi, na kampuni ilikuwa nayo. Hapo sina neno.

Nililonalo ni hili. Siku moja ya upepo mkali nilikuwa kwenye lango la pili, nati nusu zimeshatoka. Nikahisi miguu inapoa. Nikasema kwenye simu kwamba maji yanapungua. Msimamizi akamuuliza mtu wa boila, naye akajibu kwamba joto liko vizuri, tena limepanda. Angalia hapo. Joto lilikuwa limepanda kwa sababu maji yalikuwa hayapiti. Uji wa barafu ulikuwa umeziba chujio la pampu, maji kidogo yaliyobaki kwenye koili yakawa moto zaidi, na kipimajoto kikaonyesha heri. Muda mfupi baadaye swichi ya usalama ikaizima boila yenyewe, kama ilivyotengenezwa kufanya.

Watu hudhani baridi huja polepole. Ndani ya suti ya aina hii haiji hivyo, kwa kuwa maji ya mto yanaingia kupitia matundu yale yale ambayo maji moto yalikuwa yakitokea. Ilianza vifundoni, ikaruka kifuani, na pumzi ikawa fupi bila idhini yangu. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyejitumbukiza mwenyewe kwenye maji baridi ili ayasome, hufundisha hesabu ya 1-10-1: dakika moja ya kuitawala pumzi, dakika kumi za viungo vyenye manufaa, saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Yeye anamsema mtu aliyetumbukia shimoni. Aliye mita 14 chini na spana mkononi dakika yake ya kwanza ina shughuli nyingi zaidi.

Msimamizi akaniamuru nitoke. Hapo regulata ikaanza kumwaga hewa mfululizo, kwa kuwa lile tawi la maji moto la kwenye helmeti lilikuwa limekatika pia, na unyevu wa pumzi yangu ukagandia kwenye vali. Ndani ya helmeti hilo haliui. Hewa inatoka kwa kompresa na matangi yaliyoko juu, haiishi upesi, nawe unaendelea kuvuta. Ila kelele yake inaifuta simu. Sikumsikia mtu tena. Tukabaki na kamba: mivuto niliyoivuta mimi na aliyoijibu mshika kamba wangu, mtu wa Bukavu, ambaye alikuwa na tabia ya kutolilegeza fungu la mipira hata akipiga chafya. Alinirudisha mkono kwa mkono. Walipofungua helmeti hemani akaniambia, "Mukubwa, leo maji ilikataa." Sisi wawili tulikuwa tumekatazwa kuzungumza Kiswahili kwenye simu ya kazi, na kwa haki, kwa kuwa msimamizi lazima aelewe kila neno. Nje ya maji hakuna aliyetukataza.

Lingekuwa baya zaidi kwa sababu isiyoonekana. Nilikuwa bado ndani ya muda usiohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda. Ningekuwa nimepitisha muda huo, ningelazimika kuchagua kati ya kuning'inia kwenye maji ya sifuri nikisubiri naitrojeni initoke, au kupanda moja kwa moja nikabahatishe viungo vyangu, kwa kuwa naitrojeni ya hewa uliyovuta chini huyeyukia mwilini, na ukipanda haraka hugeuka mapovu. Kitengo cha majaribio ya kupiga mbizi cha jeshi la majini la Marekani, kilichoko Panama City, Florida, kilitoa mwaka 2007 matokeo ya majaribio yake kuhusu joto na ugonjwa huo wa kupanda. Walikuta kwamba mtu mwenye joto chini na baridi wakati wa kupanda ndiye aliye hatarini zaidi, na mwenye ubaridi chini kisha joto wakati wa kupanda ndiye salama zaidi. Joto likiwepo damu husambaa vizuri na mwili hupokea naitrojeni nyingi. Baridi ikija mishipa hujibana na naitrojeni haitoki. Boila inayozima katikati ya kazi inakuweka kwenye ule upande mbaya kabisa. Tangu niyajue hayo naomba maji yasiwe ya moto sana chini, nikasikia joto zaidi nikianza kupanda. Suti inaruhusu. Wasimamizi wengine hunishangaa.

Baada ya siku ile niliomba pampu ya pili inayonyonya kwenye tundu jingine, na tangi lililofunikwa vizuri lenye maji moto ya akiba ya kutosha kumtoa mtu chini hadi hemani. Nilipata pampu. Tangi niliambiwa ni zito mno kwa barafu ile.

Nikapiga hesabu, kwa kuwa hesabu hiyo ipo. Lorne Gold wa Baraza la Taifa la Utafiti la Canada aliacha kanuni inayotumiwa hadi leo: zidisha unene wa barafu kwa sentimita kwa unene huo huo, kisha kwa 3.5 ukitaka kuwa mwangalifu, upate kilo. Barafu safi ya sentimita 60 inabeba kilo 12,600. Tangi la lita elfu moja lingekuwa tani moja na kitu. Lakini nikiri kwamba msimamizi hakuwa mjinga. Kanuni ile ni ya mzigo unaopita. Mzigo unaolala siku nyingi mahali pamoja unaibonyeza barafu pole pole, na boila yenye moto inalala hapo hapo. Barafu nyeupe iliyotokana na theluji huhesabiwa nusu ya nguvu ya ile safi. Na kwenye bwawa la umeme kuna mtego ambao ziwa la kawaida halina: wakishusha maji ya bwawa, barafu ya kando hubaki ikining'inia juu ya uwazi mtupu. Ungeiona ungesema ni nene na ngumu. Tulichotaka ni tangi kuwekwa ukingoni, kwenye zege, na mpira urefushwe. Bado nalisubiri.

Hema nimesema nitaligusa. Bila hema lenye joto lililosimikwa juu ya shimo, suti hii usiiguse, maana kutoka majini na suti iliyoloa kwenye upepo wa nyuzi 30 chini ya sifuri kunaumiza kuliko mbizi yenyewe. Helmeti na regulata zikae humo humo, zisivutiwe hewa nje kabla ya kuzama. Hema letu lilikuwa zuri, hita yake ilikuwa ya mafuta na bomba lake la moshi lilikuwa limelegea. Kila mwaka nyumbani tunasoma habari za familia zilizolala na jiko la makaa ndani na madirisha yamefungwa, huko Limuru au Nyahururu. Ni gesi ile ile, kaboni monoksaidi. Na kama kompresa inavuta hewa karibu na moshi wa boila, gesi hiyo inakufikia chini ikiwa imebanwa. Kengele ya kaboni monoksaidi ni ya dola chache. Iliwekwa baada ya mshika kamba kulalamika kichwa kinamuuma kila jioni.

Kuna hatari moja ambayo hakuna suti inayoigusa, nami nitaisema kwa kuwa wauzaji hawaisemi. Maji ya mita 10 yanasukuma kwa tani 10 kila mita ya mraba. Tundu la sentimita 30 kwa 30 kwenye lango linalovuja, upande wa pili pakiwa pakavu, linakushika kwa karibu kilo 900. Hapana mtu wa kukung'oa. Huko kwetu sikuwahi kulifikiria sana, meli haikunyonyi injini na pampu zake zikiwa zimezimwa. Kwenye mabwawa ndilo linaloua wapiga mbizi wazoefu. Kabla sijazama, mitambo inafungwa kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli langu ninabaki nao mimi. Kama mtu wa bwawa anasema hapana haja, nami nasema hapana haja ya kuzama.

Suti kavu je? Mimi ninayo na ninaipenda kwa sababu moja: haimhitaji mtu wa juu ili nipate joto. Boila izime, pampu izibe, mimi ni yule yule. Kwa ukaguzi mfupi wa kamera, kutafuta kifaa kilichoanguka, au mbizi ya ziwa tulivu, chukua suti kavu. Ina mabaya yake. Vali ya kuijaza hewa ikigandia wazi, suti inavimba na kukupeleka juu, na juu ni barafu. Ndiyo maana hujazwa kwa kubonyeza kidogo kidogo. Ikitoboka, umeloa na huna maji moto. Na vidole, kama nilivyosema, vinakufa.

Kinachonishangaza ni kuona mpiga mbizi aliye majini na yule wa akiba aliyekaa hemani wote wakivaa suti ya maji moto na kunyweshwa na boila moja. Ikizima, wamezimika wawili. Mwokozi anaingia kwenye maji akiwa na shida ile ile ya anayemwokoa. Wa akiba avae suti kavu, na fungu lake la mipira liwe refu kuliko la mwenzake. Nililisema mkutanoni asubuhi moja na sasa linafanyika, angalau kwa timu yetu.

Kwa vijana wa Likoni na Mtongwe wanaoniandikia wakiuliza bei: suti yenyewe ni maelfu machache ya dola za Kimarekani, boila ni makumi ya maelfu na hiyo hununuliwa na kampuni. Msije na regulata za skuba za Diani mkidhani zitafaa. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 huhesabu maji ya chini ya nyuzi 10 kuwa maji baridi, na regulata isiyopimwa kwa maji hayo hupigwa alama. Zaidi ya hapo, chini ya barafu kampuni za maana hazimzamishi mtu wa kazi na mtungi mgongoni. Hewa inatoka juu, na mtungi mdogo ni wa dharura tu. Ukipigiwa simu upewe kazi ya namna hii, ulizia pampu ni ngapi, zinanyonya wapi, na mtu wa boila ana kazi nyingine gani. Ukiambiwa huyo huyo ndiye anayepika chai, umeshapata jibu.

Saizi: chukua kubwa kuliko unayovaa kwenye suti ya mpira ya kawaida, maji yapate njia. Zipu ya mbele ni bora kuliko ya mgongoni, unaifunga mwenyewe. Nyota ya tano ilikosekana kwa sababu ya glavu. Mshono wa kidole gumba cha kulia uliachia kabla msimu haujaisha, maji moto yakawa yanatokea hapo badala ya kufika kwenye kucha, na gundi ya neopreni haishiki vizuri kwenye mshono unaopitiwa na maji ya nyuzi 40 kila siku. Glavu huuzwa peke yake. Agiza jozi mbili pamoja na suti.